Pigo la Nne

"Rudia! Rudia hapahapa mbele yangu, kama kweli una mdomo. Kaburi halina nini?"

Kidawa alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake, pasi ya kulehemu inafuka mkononi. Bi Sikudhani alikuwa amemfuata mpaka kizingitini, khanga moja kiunoni, nyingine mabegani, kidole kinacheza jirani na pua ya mwenzake.

"Shikamoo kwanza, bibi."

"Shikamoo hiyo kaitoe makaburini, si ndiko unakonipeleka? 'Bibi yule piko anapaka la nini, kaburi halina kioo.' Hiyo sauti ya nani? Ya paka?"

Kwenye mlango wa pili jirani yao Shamimu alisimama na mwiko wake, macho yamemtoka. Yeye ndiye aliyeyachekea maneno hayo, na kicheko chenyewe kilikuwa hakijapoa.

"Nilisemea ndani kwangu," Kidawa alijitetea.

"Ndani kwako! Hebu tazama juu. Ukuta wako umefika wapi?"

Hakuna aliyetazama juu. Nyumba ile ya Mji Mpya ilikuwa kama nyumba nyingi za wapangaji pale Morogoro: korido moja, vyumba huku na huku, na kuta zilizokata tamaa kabla ya kulifikia bati. Mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anamwombea afya. Waliweza kukaa pamoja kwa adabu moja tu: unasikia, lakini hujasikia. Jirani akigombana na mumewe, mkikutana bombani unamuuliza kaamkaje, anakujibu salama, na wote wawili mnaijua hiyo salama.

Kilichowaduwaza basi si ukuta. Ni mlalamikaji. Bi Sikudhani alikuwa kiziwi, tena si kiziwi wa kupaaziwa sauti. Kiziwi wa kuguswa bega. Sikio lake la kupandikizwa lilizimika zamani, na tangu hapo ile adabu ya nyumba ilikuwa haimhusu. Walimsema akiwa hayupo, walimsema akiwepo, walimsema huku wakimpokea chumvi mkononi na kumtabasamia.

"Na wewe Shamimu," bibi akageuza kidole, "meno nje ya nini? Nimekusikia ulivyocheka. Unacheka kama mbuzi aliyekabwa na kamba yake mwenyewe."

Hapo Mnara ukakohoa. Taa ya korido ikazima, jiko la Shamimu likanyamaza, redio ya chumba cha mbele ikakatika katikati ya neno. Hakuna aliyeshtuka. Kila kifaa mjini kilikwenda kwa pigo lililotoka kwenye Mnara kule mlimani, na Mnara ukiruka pigo, mji mzima hubana pumzi mpaka ukumbuke. Chumbani kwa Kidawa tu ndiko muziki wa gemu la kale uliendelea kulia, ti-ti-ri-ti, bila habari na mtu. Na Bi Sikudhani naye akaendelea.

"Piko nitapaka mpaka siku ya kuoshwa! Muoshaji ashike kichwa ashangae!"

Taa ikarudi. Bibi akakusanya khanga zake, akaondoka, visigino vinapiga sakafu kama mtu mwenye shughuli zake mjini.

"Kidawa," Shamimu akanong'ona. "Yule kasikia."

"Nimeona."

"Kasikia leo tu, au na ya juzi?"

Kidawa alikuwa anahesabu jingine. Mnara ulipokohoa, kila kitu cha nyumba ile kilisimama. Sikio lolote linalofuata Mnara nalo lingekatika. Lile halikukatika; bibi hakusita hata neno moja. Akageuka kuitazama mashine iliyokuwa inaimba mezani kwake.

* * *

Mashine yenyewe ilikuwa ya Mzee Lugusha wa Kihonda. Ilikuwa ya kijivu iliyogeuka njano, ina mdomo wa kumezesha kaseti za gemu, na ilikuja ikiwa imekufa kwa ugonjwa uliowaua dada zake wote: chipu ya mapigo.

Vifaa vya zamani vilizaliwa na pigo lao tumboni. Ndani mna kijiwe cha kioo. Ukikipa umeme kinatetemeka, na mtetemo wake haubadiliki. Chipu ya mapigo kazi yake ni kulisikiliza lile jiwe, kisha kukigawia kila kiungo pigo la kwendea: ubongo wa mashine lake, picha lake, sauti lake. Vikipishana hata kidogo, picha inapasuka na ubongo unapayuka. Wateja wakiuliza, Kidawa aliwaeleza kwa ngoma. Msondo ndio mkubwa, chapuo na vumi wanamsikiliza yeye. Msondo akifa, chapuo bado anajua kupiga, ila hajui apige lini.

Chipu hizo hakuna aliyekuwa anatengeneza tena, na zilizookotwa jalalani zilikuwa maiti kama hizo nyingine. Kwa hiyo Kidawa alibuni yake. Kibao cha ukubwa wa kiberiti, jiwe jipya, na chipu ya kufundishika aliyoing'oa kwenye mita mbovu ya maji. Aliifundisha mapigo matatu, msondo, chapuo na vumi, akaibatiza jina Ngoma. Sheria haikumzuia. Tangu ule mwaka wezi walipoyateka mapigo ya mashine za hospitali, kifaa chochote kilipigwa marufuku kuwa na pigo lake, cha mwilini ndiyo usiseme. Lakini mashine za kale ziliachwa kama kumbukumbu. Zingeweza kujipigia zenyewe, mradi zisipigie kingine.

Siku ya pili yake Mzee Lugusha alikuja kuijaribu. Alipitia uani, ambako Bi Sikudhani alikuwa anapepeta mchele. Mzee alikuwa Mnyamwezi, bibi ni Mluguru, watani wa asili. Na hakuwahi kupita pale bila kumrushia neno, kiziwi asiwe kiziwi, kama mtu anayetupa jiwe kisimani na haambulii mlio wa maji.

"Wee Mluguru, bado unapumua tu? Nimebeba jembe bure."

Ungo ukasimama hewani.

"Jembe kalimie kwenu Tabora, mlina asali wee. Na siku ukija kunizika, uje umeoga."

Mzee Lugusha alibaki mguu mmoja mbele. Midomo ikamcheza. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na kofia ikamwanguka.

"Fundi! Fundi Kidawa, toka nje! Mtani wangu kafufuka!"

"Mimi nimefufuka, wewe unakufa. Funga mdomo, jino lako la mwisho litapata baridi."

Aliingia kwa Kidawa bado anajifuta machozi. Akakaa kwenye stuli, akashika pedi ya kuchezea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga, na wachezaji wakaingia uwanjani kwenye televisheni. Hakumaliza hata kipindi cha kwanza.

"Hapana. Huyu winga wangu anakimbia kama kaiba kuku. Na muziki unalia kama umekanyagwa mkia."

"Huo ndio mwendo wake halisi, mzee. Waliolitunga gemu walilitunga hivi. Mashine zilizoletwa huku zilikuwa za nchi za umeme wa mapigo hamsini, zikalipunguza mwendo. Nyie mlicheza gemu lenye usingizi."

Kusema kweli, Kidawa alikuwa amekosea. Mchoro alioufuata ulikuwa wa mashine za ng'ambo, za umeme wa mapigo sitini, na aligundua akiwa ameshalehemu. Lakini fundi hakiri kosa mbele ya mteja kabla hajalitafutia jina zuri.

"Waliolitunga siwajui," alisema Mzee Lugusha. "Ninalolijua ni banda letu, televisheni ya mgongo, watoto tumebanana kwenye benchi mpaka wa mwisho anakalia hewa. Huyu winga kidole changu kilijua atafika lini kwenye kona kabla mimi sijajua. Sasa anafika, kidole bado kiko njiani. Nirudishie mwendo wangu, fundi. Ijumaa naichukua, wenzangu Kihonda wananingoja. Wakiona hivi watasema nimebadilishiwa mashine."

Kidawa akaizima ili aifungue. Uani Bi Sikudhani alikuwa amepaza sauti: "Na mwambie huyo Mnyamwezi kwamba nikitoka hapa..."

Sauti ikakatika.

Kidawa akachungulia dirishani. Bibi alikuwa ameinua kiganja, anajipiga upande wa kichwa, taratibu, kama anayekung'uta maji sikioni.

"Ukitoka hapo unafanyaje, Mluguru?" Mzee Lugusha akaita.

Bibi hakugeuka. Alitazama mchele wake muda mrefu, kisha akaushika ungo akaendelea kupepeta.

Kidawa akabonyeza swichi. Ti-ti-ri-ti. Uani, uso wa Bi Sikudhani ukainuka. Ukainuka na kukunjamana papo hapo, mkono ukaenda kwenye paji la uso kama mtu aliyemeza barafu.

"Kuna nini, fundi?" Mzee Lugusha aliuliza nyuma yake.

"Hakuna kitu, mzee. Njoo Ijumaa."

* * *

"Sikio lile halikuharibika hata siku moja," Kidawa alimwambia Shamimu. Walikuwa chumbani, mashine imezimwa. "Lilinyimwa chakula tu. Waliolitengeneza walifunga biashara, Mnara ukaliondoa pigo la masikio ya aina ile ukawapa wengine. Bibi akaambiwa apasuliwe, atolewe lile, atiwe jingine. Unakumbuka alivyojibu?"

"'Kichwa changu si shamba la kulimwa kila masika.'"

"Basi nami kwa mchoro wangu wa kukosea, msondo wangu umeangukia kwenye pigo lilelile. Nyaya za Ngoma ni ndefu, zinavuja hewani, na sikio linakinga kinachovuja. Ndiyo habari yenyewe."

Shamimu alifikiri, na kufikiri kwake kulikuwa kwa kuonekana, alizungusha bangili.

"Rahisi basi. Mpe mzee mwendo wake, Ijumaa achukue mashine yake aende. Kilichokuja chenyewe kiondoke chenyewe. Wewe hukumpa, wewe hukumnyang'anya."

"Na bibi?"

"Amezoea."

"Amezoea nani kakwambia?"

"Na mimi nimezoea, Kidawa!" Shamimu akashusha sauti kwa mazoea mapya, ingawa mashine ilikuwa imezimwa. "Humu ndani nimesema. Nimesema ya mume wangu, nimesema ya mwenye nyumba, nimesema ya bibi mwenyewe na marehemu mumewe. Sisi wengine tuna adabu ya ukuta. Yule hana! Yule anasikia, anavaa khanga, anakuja!"

Kidawa alitamani kucheka, akashindwa. Alikuwa amefungua Ngoma mezani na kuielekeza kwenye mwanga. Chipu ile ya mita ilikuwa na miguu minne ya kutolea mapigo, na yeye alitumia mitatu. Wa nne ulikuwa umekaa bure.

Kuiacha ivuje haikuwezekana, hata kama mzee angeisahau mashine pale mwaka mzima. Kilichovuja kilikuwa kichafu; jiko likipasha chumba, jiwe linapepesuka, pigo linayumba, na bibi anashika kichwa. Leo anashika kichwa, kesho haijulikani atashika nini. Kuirudisha kwenye mwendo wa mzee ni kumzima bibi. Iliyobaki ni mguu wa nne: kuufundisha pigo la sikio, safi, lililosimama wima, kwa makusudi.

Neno lenyewe la makusudi ndilo lililomkaa kooni. Aliyekosea mchoro ni fundi aliyekosea mchoro. Anayekaa chini na kukitengenezea kifaa cha mwilini pigo nje ya Mnara, huyo ana jina jingine, na watu wa Mnara hupita mitaani na vipimo vyao. Hata wasipopita, akikosea gemu, winga anakimbia mno, mzee analalamika. Akikosea hili, hatalalamika mzee.

Na chini ya hayo yote kulikuwa na jingine ambalo hakumwambia Shamimu. Kwamba angekuwa anatengeneza, kwa mikono yake, sikio la kumsikiliza yeye.

"Utafanyaje?" Shamimu aliuliza.

"Nitamuuliza mwenye kichwa."

"Kidawa! Ukimwambia, hutaweza tena kusema hukujua."

"Si ndiyo hapo."

* * *

Alimkuta Bi Sikudhani kwenye mkeka, uani, anachambua mchicha. Kabla ya kutoka alikuwa ameiwasha mashine na kuzima jiko, ili chumba kipoe na jiwe litulie. Akavuta kigoda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Bibi hakuinua macho. "Umekuja na lile la kaburi, au lina mdogo wake?"

"Lile nisamehe. Nimekuja na jingine."

Akamweleza. Alimweleza jiwe, msondo, mchoro wa kukosea, na nyaya zinazovuja. Bi Sikudhani alisikiliza huku vidole vinaendelea na mchicha, majani huku, mabua kule. Mpaka ilipofika kwamba mashine itaondoka Ijumaa. Vidole vikasimama.

"Kumbe," alisema. "Tangu juzi nashukuru Mungu mpaka magoti yanauma, kumbe namshukuru Kidawa."

"Mshukuru Mungu tu, bibi. Mimi nilikosea."

"Ndivyo anavyofanyaga. Kichwa je? Kinanigonga hapa, kama mtu anabisha hodi na hataki kungoja."

"Ndiyo uchafu wenyewe. Naweza kukutengenezea pigo safi, ninavyojua mimi. Lakini mimi ni fundi wa magemu, bibi, si daktari. Litafika hapa nyumbani tu; ukienda sokoni, kimya. Na haliruhusiwi. Wakija watu wa Mnara, wataniuliza mimi, na wewe watakuuliza."

"Watanisemesha wakati sisikii? Watapata tabu."

"Sina mzaha, bibi."

"Nami sina."

Kidawa akasogeza kigoda karibu. "Halafu, mengine utakayoyasikia humu si mazuri."

Bi Sikudhani akausogeza mchicha pembeni. Alikuwa na macho makali ya mtu aliyeishi muda mrefu kwa kutazama midomo.

"Unajua kwa nini nilikujia juu siku ile?"

"Kwa ajili ya piko."

"Piko nini! Nilikuwa nimekaa kitandani, nimejikalia. Nikasikia mtu anasema 'bibi yule'. Nikasema, ala, bibi yule si ndiye mimi? Kumbe nasemwa! Nina habari humu ndani! Nikavaa khanga mbio mbio, moja niliivaa ndani nje, naogopa nisije nikafika ugomvi umepoa." Akacheka kidogo, akaacha. "Mwanangu, miaka yote hii hakuna mtu aliyegombana na mimi. Mtu nikimuudhi, ananitabasamia. Nikiudhi nyumba nzima, nyumba nzima inanitabasamia. Unajua kutabasamiwa kunavyochosha? Yule Mnyamwezi peke yake ndiye alikuwa ananitukana, na mimi namwona mdomo unacheza, sijui kasemaje, nimjibu nini. Mtani asiyejibiwa ni mwendawazimu anayeongea peke yake. Nilikuwa namwonea huruma."

Kidawa alitazama chini.

"Nitengenezee," alisema Bi Sikudhani. "Kikiniua kimeniua nikisikia. Lakini nitilie swichi."

"Ya nini tena?"

"Ya kuzimia. Shamimu akifua anaimba."

"Na sisi tutajuaje umewasha au umezima?"

"Hamtajua."

"Bibi..."

"Mimi nilikaa miaka sijui nani kasema nini. Nanyi kaeni kidogo hamjui nani anasikia. Kwani mtakufa? Mtachunga midomo tu." Akauvuta mchicha wake. "Haya nenda kafanye kazi. Na hilo jiko lako usiliwashe karibu na mashine, likianza kuvuma tu, nagongwa."

Hilo Kidawa alikuwa hajamwambia.

* * *

Kazi haikuwa ya kuvutia kuitazama. Alianza na kosa: akaubadili msondo, mapigo hamsini ya picha badala ya sitini, chapuo na vumi wakashuka nao. Akafupisha nyaya. Kibao cha mzee akakifunika na bati alilokata kwenye kopo la nyanya, ili kisivuje tena kwa mtu yeyote. Kisha, kwa kuwa mashine ya mzee ingeondoka, akachukua kibao kingine, jiwe jingine, na chipu ya pili ya mita, akaufundisha mguu wa nne peke yake. Lile jiwe alilivika pamba na kuliweka mbali na upande wa jiko. Mwisho akaongeza kitu ambacho hakuna gemu linalokihitaji: mlinzi. Pigo likiyumba kupita kiasi alichompimia, mlinzi anakata kila kitu. Bora bibi aamke kwenye kimya alichokizoea kuliko kwenye kelele asiyoijua.

Shamimu alikuwa amesimama nyuma yake muda wote, na kwa muda wote huo alikuwa amenyamaza, jambo ambalo mtaa usingeliamini.

"Usiweke jina," alisema hatimaye.

Kidawa alikuwa na kawaida ya kuchoma jina lake kwa ncha ya pasi kwenye kila kibao anachokitoa. Kidawa, basi, herufi sita zilizolala upande.

"Ukiacha hivi," Shamimu aliendelea, "wakija wanakuta kisanduku. Cha nani? Hakijulikani. Bibi kakiokota."

"Kitu kinapiga ndani ya kichwa cha mtu, halafu hakina mwenyewe?"

"Ndiyo usalama."

"Usalama wangu. Siku kikimuuma atabisha hodi kwa nani?"

Akachoma jina. Moshi mwembamba wa plastiki ukapanda, na Shamimu akafungua dirisha.

Ijumaa Mzee Lugusha alikuja, akakaa kwenye stuli, akashika pedi. Winga akatoka katikati ya uwanja, akakimbia taratibu na muziki wake wenye usingizi, akafika kwenye kona. Kidole kilikuwa kimeshafika. Aliirudia kona ileile mara kadhaa, kichwa kimeinamia upande mmoja, kisha akaizima mwenyewe, akaifunga ndani ya shuka aliyokuja nayo, akashukuru kwa kushika mkono wa Kidawa na kuchelewa kuuachia. Kidawa alimpitisha mlango wa mbele. Hakutaka apitie uani, arushe jiwe lake kisimani, na wote wasikilize. Kisanduku alikuwa amekipachika asubuhi ile kwenye ukuta wa chumba cha bibi, na bibi alikitazama, akashukuru, akasema ataiwasha swichi kwa wakati wake, mlango ukafungwa.

Baada ya hapo nyumba ilikuwa na utulivu usio wa kawaida. Kidawa na Shamimu walikaa kula mchana chumbani kwa Kidawa, kama ilivyokuwa desturi yao, wali, mchicha na nyama ya kukaanga, na kwa mara ya kwanza walikula kama wageni.

"Mchicha mzuri," alisema Shamimu.

"Mzuri sana, jirani."

"Mvua nayo inaelekea kunyesha."

"Mungu ailete ya heri."

Walitazamana. Shamimu alikuwa na habari ya mwenye nyumba iliyokuwa inamchoma ulimi tangu asubuhi. Kidawa aliiona inavyompanda na kushuka kooni. Upande wa pili wa ukuta hapakuwa na mlio wowote. Pengine swichi ilikuwa imezimwa. Pengine ilikuwa imewashwa na mguu wa nne haukufika popote, na yule mama alikuwa amekaa kitandani ndani ya kimya chake, anangoja, asijue kwamba hakuna cha kungoja. Kwenda kuchungulia kulikuwa rahisi, hatua chache tu za korido, na angemkuta, angemgusa bega.

Kidawa hakwenda. Alitenga sahani ya tatu, akachota wali, akageukia ukuta. Hakupaza sauti. Alisema kwa sauti ile ya mtu anayeomba chumvi.

"Bi Sikudhani, karibu chakula."

Shamimu aliacha kutafuna.

Hakuna aliyejibu. Kidawa alitamani kurudia kwa nguvu, akajizuia. Ukipiga kelele hata ukuta husikia. Akaweka kijiko chini. Akasogeza kigoda kitupu karibu na mkeka, akakaa akiutazama mstari ule wa giza baina ya ukuta na bati.

Maji yakamiminika kwenye beseni.

"Nanawa," ikasema sauti upande wa pili. "Nyama msiiguse."